Urusi: namna sauti ya kusema "hapana" ilivyoondolewa kifungu kwa kifungu, na kwa nini jambo hilo linatuhusu

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Tarehe 21 Februari 2022 televisheni ya Urusi ilionyesha kikao cha Baraza la Usalama la nchi hiyo kilichofanyika katika ukumbi mpana wa Kremlin. Rais Vladimir Putin alikaa peke yake nyuma ya meza. Wajumbe wake waliketi mbali naye, na waliitwa mmoja mmoja mbele ya kipaza sauti ili waseme kama wanaafiki kuyatambua maeneo mawili ya mashariki mwa Ukraine, Donetsk na Luhansk, kuwa nchi huru. Ilipofika zamu ya Sergei Naryshkin, mkuu wa ujasusi wa nje, mtu ambaye kazi yake ni kuwatia wengine hofu, yeye ndiye aliyeanza kubabaika. Alisema kwamba angeunga mkono. Putin akamkatiza na kumtaka aseme waziwazi: anaunga mkono au ataunga mkono? Katika kujirekebisha akateleza zaidi, akasema anaafiki maeneo hayo yaingizwe ndani ya Urusi, na rais akamjibu kwa tabasamu kwamba hilo halikuwa linajadiliwa. Akaruhusiwa kwenda kuketi. Siku tatu baadaye majeshi yalivuka mpaka.

Nimeitazama picha ile mara nyingi, na kila mara ninajiuliza swali moja: taifa lenye silaha za nyuklia na kura ya turufu katika Umoja wa Mataifa lilifikaje mahali ambapo watu wazima wenye vyeo vikubwa wanaulizwa swali la vita na amani kama watoto wanaosomeshwa jedwali la kuzidisha, wala hakuna hata mmoja awezaye kusema hapana? Uzi huu ni jaribio la kulijibu. Nitaomba subira, kwa sababu jibu lina miaka 30 ndani yake.

Wengi wetu tunaisimulia habari hii kana kwamba ilianza na Putin. Mimi ninaianzia Septemba 1993. Boris Yeltsin, aliyekuwa amechaguliwa kwa kura halali Juni 1991 na kujipatia heshima ya dunia nzima kwa kusimama juu ya kifaru dhidi ya mapinduzi ya Agosti mwaka ule, alikuwa amegombana na bunge lake kuhusu mageuzi ya uchumi na mipaka ya madaraka. Tarehe 21 Septemba 1993 alilivunja kwa amri, ingawa katiba iliyokuwapo haikumpa uwezo huo. Wabunge wakakataa kutoka, watu wenye silaha wakajikusanya upande wao, damu ikamwagika mitaani, na tarehe 4 Oktoba vifaru vikalipiga mizinga jengo la bunge mchana kweupe huku watu wa Moscow wakitazama kutoka madarajani. Kwa hesabu ya serikali yenyewe walikufa zaidi ya watu 140.

Viongozi wa Magharibi, Rais Clinton akiwa mbele yao, walisimama na Yeltsin. Waliberali wengi wa Urusi pia walifanya hivyo, kwa hoja kwamba wabunge wale walikuwa wakomunisti na wazalendo wakali ambao wangeirudisha nchi ilikotoka. Inawezekana walikuwa hivyo. Lakini katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni Desemba 1993 iliandikwa na mshindi wa mapigano yale, na ilimpa rais uwezo mkubwa mno: kumteua waziri mkuu, kulivunja bunge likimkataa mteule wake mara tatu, kutawala kwa amri. Waandishi wake walikishona kiti kwa vipimo vya mtu waliyemwamini. Hawakuuliza ni nani angekikalia baada yake.

Mwaka 1996 jambo hilohilo lilirudi kwa sura nyingine. Mwanzoni mwa mwaka umaarufu wa Yeltsin ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 10, na mkomunisti Gennady Zyuganov alikuwa mbele yake katika mbio za urais. Matajiri wapya, ambao kwa mpango wa mwaka 1995 walikuwa wamepata kwa bei ya kutupa makampuni makubwa ya umma ya mafuta na madini kama dhamana ya mikopo waliyoikopesha serikali, waliweka fedha zao na televisheni zao nyuma ya rais. Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha mkopo wa takriban dola bilioni 10. Yeltsin, aliyepatwa na mshtuko wa moyo katikati ya kampeni bila wananchi kuambiwa, alishinda duru ya pili kwa asilimia 54 hivi. Waandishi waliolificha gonjwa lile walidhani wanaiokoa demokrasia. Miaka 5 baadaye televisheni zilezile zilichukuliwa na dola, na watazamaji waliokwisha kuzoea kwamba taarifa ya habari ni silaha ya mwenye nacho hawakuona sababu kubwa ya kuzililia.

Mwanzisha uzi (inaendelea)

Putin aliteuliwa waziri mkuu Agosti 1999. Mwezi uliofuata majengo ya makazi yalilipuliwa Moscow na miji mingine na kuua watu wapatao 300, vita vya pili vya Chechnya, jimbo lililotaka kujitenga na Urusi, vikapamba moto, na mtu asiyejulikana akawa tegemeo la taifa ndani ya miezi michache. Yeltsin alijiuzulu siku ya mwisho ya mwaka 1999, na amri ya kwanza aliyoisaini mrithi wake ilikuwa ya kumpa kinga ya kutoshtakiwa.

Ninaomba wasomaji wauangalie utaratibu wa yaliyofuata, kwa maana hapakuwa na siku ambayo Mrusi aliamka akaambiwa kuwa demokrasia imefutwa. Kwanza ilikuwa televisheni. Kituo cha NTV kilikuwa na kipindi cha vikaragosi kilichomdhihaki rais, na kilimshambulia kwa namna alivyolishughulikia janga la manowari ya Kursk iliyozama Agosti 2000 na mabaharia 118. Mmiliki wake alikuwa amekwisha kuwekwa mahabusu kwa siku kadhaa Juni mwaka ule, na Aprili 2001 kampuni ya gesi ya serikali, Gazprom, ilikichukua kituo. Sababu rasmi ilikuwa madeni, na madeni yalikuwapo kweli. Hapo ndipo penye ufundi wa mfumo huu: kila hatua ina karatasi yake halali.

Kisha ikaja zamu ya fedha. Mikhail Khodorkovsky, tajiri wa kampuni ya mafuta ya Yukos aliyekuwa akifadhili vyama vya upinzani, alikamatwa Oktoba 2003 katika uwanja wa ndege wa Novosibirsk, akafungwa miaka 10. Wananchi wengi walifurahi, na furaha hiyo haikuwa ya kipumbavu, kwa sababu walijua utajiri ule ulipatikanaje. Matajiri waliobaki walielewa bila kuambiwa mara mbili.

Septemba 2004 magaidi waliiteka shule ya Beslan, na zaidi ya watu 330 wakafa, wengi wao wakiwa watoto. Jibu la Kremlin lilikuwa kufuta uchaguzi wa magavana wa mikoa. Tangu hapo hadi mwaka 2012 wakawa wanapendekezwa na rais, karibu sawa na wakuu wetu wa mikoa hapa Tanzania wanaoteuliwa naye. Hadi leo sijaelewa mtoto wa Beslan angelindwa vipi na kura ya gavana wa Siberia kuondolewa, lakini nchi ilikuwa kwenye matanga, na kwenye matanga watu hawahoji mahesabu.

Katiba ilisema mihula miwili mfululizo. Mwaka 2008 Putin aliiheshimu kwa namna yake: alimwachia kiti Dmitry Medvedev, akawa waziri mkuu, na katika kipindi hicho muhula ukarefushwa kutoka miaka 4 hadi 6. Septemba 2011 wawili hao walitangaza kwenye mkutano mkuu wa chama kwamba wangebadilishana viti, na wakasema kwamba walikubaliana zamani. Naamini kwamba ni kauli hiyo, zaidi ya wizi wa kura za ubunge uliofuata Desemba, iliyowatoa makumi ya maelfu ya watu mitaani Moscow kwenye baridi kali. Walikuwa wameambiwa hadharani kwamba kura yao ilikuwa mapambo.

Dola ilijifunza kutokana na maandamano yale. Mwaka 2012 ikatungwa sheria ya "mawakala wa kigeni", ambayo kwanza iliyahusu mashirika yanayopokea fedha za nje na kufanya kile sheria ilichokiita siasa, kisha ikatanuliwa hadi vyombo vya habari na hatimaye mtu mmoja mmoja. Aliyewekwa kwenye orodha alilazimika kuanza kila chapisho lake na tangazo la onyo kwamba maneno hayo yametoka kwa wakala wa kigeni, nalo liwe na herufi zenye ukubwa mara mbili ya maandishi yenyewe. Hebu fikirini mtu anayeandika habari fupi ya ajali ya basi na kulazimika kuitanguliza na aya nzima ya kujishutumu. Gazeti la mtandaoni la Meduza lilipoingizwa kwenye orodha Aprili 2021, watangazaji wa biashara walikimbia ndani ya siku chache. Wakati huo hakuna aliyelifungia, liliachwa bila hela.

Mchangiaji wa Mombasa

Ndugu mwanzisha uzi, ahsante kwa bandiko hili, ila naona umeupita upande mmoja kwa mwendo wa kasi. Poland, Hungary na Jamhuri ya Czech ziliingia NATO mwaka 1999, nchi za Baltiki mwaka 2004, na Aprili 2008 mkutano wa Bucharest ukasema kwamba Ukraine na Georgia nazo zitakuja kuwa wanachama. Iraki ilivamiwa mwaka 2003 bila idhini ya Baraza la Usalama. Libya ilipigwa mwaka 2011, na sisi Waafrika tunaishi na silaha zilizosambaa Saheli hadi leo. Je, mwenye kuvunja sheria za dunia alikuwa Urusi peke yake?

Mwanzisha uzi

Hapana, ndugu yangu, hakuwa peke yake, na kuhusu Iraki na Libya sina neno la kuongeza. Ninachotofautiana nawe ni kutumia makosa hayo kueleza kilichotokea ndani. Si NATO iliyowafutia watu wa Vladivostok haki ya kumchagua gavana wao. Isitoshe, kama lengo lilikuwa kuusukuma mbali muungano ule, tazama matokeo: Finland, iliyokaa nje kwa miaka yote ya Vita Baridi, ilijiunga Aprili 2023, na Urusi ikapata mpaka mpya na NATO wenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,300. Serikali yenye bunge linalouliza maswali ingelazimika kulieleza hesabu hiyo. Ile haikumweleza mtu.

Kuna jambo lingine ambalo sisi wa upande huu tulichelewa kulielewa. Marehemu mjomba wangu alisomea uhandisi Kharkov miaka ya 1980, na mpaka anaingia kaburini alisema kwamba alisoma "Urusi". Kharkov iko Ukraine, na leo jina lake huandikwa Kharkiv. Nyumbani kwake kulikuwa na vitabu vya Kiswahili vilivyochapwa Moscow, vya karatasi nyembamba na gundi isiyokubali kuachia, na ndani yake hapakuwa na mahali palipomfundisha kwamba Muungano wa Kisovieti nao ulikuwa na wenyeji na watawala. Kwetu Moscow ilikuwa rafiki wa ukombozi, jambo ambalo ni kweli kabisa kwa Msumbiji na Angola, na ukweli huo ulituzuia kuona kwamba rafiki huyo alikuwa na makoloni yake ya nchi kavu. Mwezi ule wa Februari 2022 mji aliousomea mjomba ulipigwa makombora, na miongoni mwa waliokimbilia vituo vya treni walikuwa wanafunzi wa Kiafrika.

Jioni ileile ambayo Naryshkin alikuwa akibabaika, balozi wa Kenya katika Umoja wa Mataifa, Martin Kimani, aliliambia Baraza la Usalama mjini New York kwamba mipaka ya Afrika nayo ilichorwa na wakoloni bila kuwajali ndugu waliotenganishwa, na kwamba tuliamua kuifuata jinsi ilivyo badala ya kuanzisha vita vya kuirekebisha. Hata hivyo, tarehe 2 Machi ilipopigwa kura katika Baraza Kuu, ambako nchi 141 ziliulaani uvamizi, Kenya, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilisema ndiyo, huku Tanzania, Uganda na Burundi zikijizuia. Ukanda mmoja, misimamo miwili.

Mchangiaji wa Kampala

Naomba kuongeza jambo dogo. Mwandishi asije akatufanya tuamini kwamba ugonjwa huu ulitoka Moscow. Uganda iliondoa ukomo wa mihula mwaka 2005 na ukomo wa umri mwaka 2017, baada ya wabunge kurushiana viti ndani ya ukumbi. Burundi mwaka 2015 iliambiwa kwamba muhula wa kwanza hauhesabiki, na mwaka huohuo Rwanda ikapiga kura ya maoni. Putin alikuja kufanya hivyo mwaka 2020. Katika somo hili sisi tulimaliza shule kabla yake.

Mwanzisha uzi

Nimecheka, kisha nikanyamaza. Umenena kweli. Lakini namna Urusi ilivyolifanya inastahili kutazamwa kwa karibu. Tarehe 10 Machi 2020, bunge lilipokuwa likijadili marekebisho ya katiba, alisimama Valentina Tereshkova, mwanamke wa kwanza duniani kwenda angani, akiwa na umri wa miaka 83, akapendekeza hesabu ya mihula ya rais aliyepo ianze upya kutoka sifuri. Ndani ya saa chache Putin alikuwa ndani ya bunge akisema kwamba angekubali iwapo Mahakama ya Katiba ingeridhia. Mahakama iliridhia ndani ya wiki moja. Katikati ya janga la korona watu walipiga kura kwa siku saba, katika baadhi ya maeneo wakitumia visiki, mabenchi ya bustanini na buti za magari kama vituo, na nakala za katiba "mpya" zilikuwa zimeanza kuuzwa madukani kabla ya kura kumalizika. Sasa anaweza kukaa hadi mwaka 2036. Yule aliyekuwa fahari ya taifa tangu mwaka 1963 alitumiwa kama muhuri, na ninakiri kwamba hilo linaniuma kuliko kifungu chenyewe.

Kuhusu kilichotoka Moscow kwenda nje, mfano ulio wazi ni ile sheria ya mawakala wa kigeni. Kyrgyzstan ilipitisha ya kwake Aprili 2024. Huko Georgia wananchi waliizuia kwa maandamano mwaka 2023, ikarudishwa, na ikapita Mei 2024. Mitaani Tbilisi waliiita kwa jina lake, "sheria ya Kirusi". Mtawala anayeiiga hahitaji vifaru, anahitaji mwanasheria na mashine ya kunakili.

Barani kwetu bidhaa ilikuwa nyingine. Wapiganaji wa Wagner, kampuni ya Kirusi ya askari wa kukodiwa, walianza kuonekana Jamhuri ya Afrika ya Kati mwaka 2018 na Mali mwishoni mwa 2021. Walikuwa jeshi lisilotambuliwa na sheria ya nchi iliyowatuma, na kwa miaka mingi Kremlin ilikana kuhusika nao. Hilo linawezekana tu pale ambapo hakuna mbunge wa kuuliza ni nani anayewalipa, wala mwandishi wa kuchunguza bila kuogopa kuuawa. Mjini Bangui walimlinda rais Touadéra, na Julai 2023 kura ya maoni ikaondoa ukomo wa mihula yake. Mwezi mmoja kabla ya hapo mkuu wao, Yevgeny Prigozhin, alikuwa ameyageuza majeshi yake kuelekea Moscow. Agosti ndege yake ikaanguka naye akafa. Januari 2023 serikali ya Tanzania ilithibitisha kifo cha kijana wake, aliyekwenda Urusi kusoma, akafungwa, na kutolewa gerezani kwa sharti la kupigana Ukraine chini ya Wagner. Jeneza lake lilishuka Dar es Salaam mwezi uleule.

Na kuna unga wa ngano. Kabla ya vita, Urusi na Ukraine kwa pamoja zilikuwa zikitoa zaidi ya robo ya ngano yote iliyouzwa kimataifa, na nchi zetu zilikuwa wateja wao wakubwa. Mama ninayenunua kwake maandazi kila asubuhi hakupandisha bei mwaka ule. Aliyapunguza ukubwa hadi likawa linaingia lote kinywani. Mkataba wa nafaka wa Bahari Nyeusi, ulioruhusu meli kutoa nafaka ya Ukraine, ulidumu kuanzia Julai 2022 hadi Julai 2023, Urusi ilipojitoa, na siku chache baadaye, kwenye mkutano na viongozi wa Afrika mjini St. Petersburg, Putin aliahidi nafaka ya bure kwa nchi 6. Wageni walipiga makofi.

Mchangiaji wa Mombasa

Basi nikuulize la mwisho. Asilimia 87 ya kura ambayo Putin alitangazwa kuipata katika uchaguzi wa mwaka 2024, yote ni ya uongo? Ninafahamiana na Warusi wanaompenda kwa dhati.

Mwanzisha uzi

Wapo, na ni wengi. Mapato ya mafuta ya miaka ya 2000 yaliwatoa kwenye umaskini wa miaka ya Yeltsin, na mtu hasahau aliyempa mshahara kwa wakati. Ila ukubwa wa upendo huo haupimiki pale ambapo washindani wamekwisha kuenguliwa. Januari 2024 Boris Nadezhdin, mwanasiasa wa kawaida kabisa aliyesema kwamba vita ni kosa, alikuwa akitafuta wadhamini ili agombee urais. Watu walipanga foleni barafuni katika miji mingi ili tu waandike majina yao. Alipeleka sahihi 105,000. Tume ikasema kwamba zaidi ya 9,000 zina dosari, akakatwa. Tarehe 16 Februari Alexei Navalny, kiongozi wa upinzani aliyekuwa amenusurika sumu mwaka 2020 na kurudi nyumbani kwa hiari yake, akafa gerezani kaskazini kabisa, kwenye ukanda wa Aktiki.

Kabla ya kifo chake alikuwa amewaomba wanaompinga Putin wafanye jambo moja lisilovunja sheria yoyote: siku ya mwisho ya kupiga kura, tarehe 17 Machi, wafike vituoni saa sita kamili mchana. Kabla ya saa hiyo vituo kadhaa vya Moscow vilikuwa na watu wachache. Saa sita ilipogonga foleni zilikuwa zimezunguka majengo, na hakuna aliyebeba bango. Mjini Berlin mjane wake, Yulia Navalnaya, alisimama kwenye foleni ya ubalozi kwa saa kadhaa, akaingia, akapewa karatasi yenye majina manne, na akaandika juu yake jina la mumewe.